Ukuta wa Mkono wa Kulia

Chorbogh, 14 Aprili 2002

Mdogo wangu Nusrat,

Nakusalimu wakati chai ingali moto, ili na salamu zikufikie na joto kidogo. Mimi ni mzima, isipokuwa goti la kushoto ambalo huwa na maneno yake kila mvua inaponyesha, na mwaka huu mvua imelipa nafasi ya kusema sana. Kaburi la mama nililisafisha kabla ya sikukuu ya Nairuzi. Ng'ombe amezaa ndama jike mwenye doa jeupe usoni. Miaprikoti imechanua yote, hata ule wa nyuma ya zizi ambao uliapa kuukata mwaka ule ulipoondoka. Barua hii anakuletea Hamrokul wa kinu cha unga, anakuja huko kwa treni na magunia yake ya matunda makavu. Mpe chai, lakini usimkopeshe chochote.

Sasa la kukuambia. Ukuta wetu na Ami Kurbonali umeanguka. Mvua ilinyesha siku kumi na moja, na siku ya kumi na mbili, jua lilipotoka, ndipo ukaona inafaa kulala chini. Hatua kumi na moja zote, kutoka zizini mpaka karibu na tanuri. Nilikuwa nabandika mikate, nikasikia kishindo, nikageuka, nikamwona Bi Mohbegim wa Kurbonali amechutama uani kwao anafua, tunatazamana macho kwa macho. Miaka yote hii tulikuwa tukisikiana tu.

Akaniambia, "Kumbe tanuri lako liko huku?"

Nikamwambia, "Kumbe unafulia hapo. Ndiyo maana povu lote linaingia kwangu."

Tukacheka mpaka mkate mmoja ukaungua.

Desturi unaijua, ila nakukumbusha kwa kuwa huko uliko kuta ni za zege na hazimwulizi mtu habari zake. Ukitoka langoni kwako, ukuta wa mkono wa kulia ni wako kuujenga, wa kushoto ni wa jirani. Na udongo wa tabaka la kwanza hukanyagwa na mwanamume wa nyumba kwa miguu yake mwenyewe, si kibarua. Ukuta huu ni wa kulia. Kwa hiyo ni wetu, na mwanamume wa nyumba hii ni wewe.

Udongo unataka jua, kila tabaka likauke ndipo uweke jingine. Ukija Juni au Julai, mpaka mwezi wa tisa tutakuwa tumemaliza. Mimi na Kurbonali bado hatujakubaliana juu ya jambo hili, lakini hilo niachie mimi. Wewe njoo tu. Miaka minne ni mingi hata kwa mtu mwenye kazi.

Dada yako,
Zulaikho


Samara, 2 Juni 2002

Dada yangu mpendwa,

Hamrokul amefika na barua yako, na mfuko wa aprikoti kavu ambao nadhani ulikuwa umejaa zaidi ulipotoka mikononi mwako. Nakuombea afya, wewe na goti lako. Mimi sijambo. Tunapiga lipu jengo la ghorofa kumi kando ya mto, na msimamizi wetu, Mrusi, ananiita Kolya kwa sababu anasema Nusrat inamchosha ulimi. Nikamwambia mimi Kolya inanichosha masikio. Alicheka, lakini hakuacha.

Pole kwa ukuta. Lakini dada, umekosea hesabu ya mikono. Ukuta ule ulikuwa wa kulia zamani, lango letu lilipokuwa juu, upande wa mfereji. Mwaka 1974 shamba la ushirika lilipopitisha barabara kule chini, baba na Kurbonali walihamisha malango yao wote wawili, katika juma lile lile. Nakumbuka vizuri, nilikuwa na miaka minane na nilikanyaga msumari. Tangu siku ile tunatokea chini. Nenda ukasimame langoni sasa hivi, utazame barabara. Mkono wako wa kulia kuna nini? Kuna bustani ya shule. Kwa Kurbonali ni kushoto. Na yeye akisimama langoni kwake, ukuta ule uko kulia kwake. Basi ni wake, na mwanamume wa kukanyaga udongo ni yeye, na miguu anayo, mikubwa kama sepeto.

Kwa hiyo safari yangu haina haja. Kazi hapa ni kubwa na ukitoka kidogo tu nafasi yako inachukuliwa. Mwambie Kurbonali kwa upole kwamba Nusrat anamsalimia na anamkumbusha ahamishe na kuta, si lango peke yake.

Nikuulize kitu. Kuna mwenzangu kazini ana mtoto mchanga anayeota meno, analia mchana kutwa. Wewe mimi ulinifanyia nini? Nimemwambia dada yangu anajua.

Ndugu yako,
Nusrat


Chorbogh, 9 Julai 2002

Mdogo wangu Nusrat,

Nimefurahi kusikia una afya. Aprikoti zimeiva zote kwa pamoja, kama kawaida yao ya kumkomoa mtu aliye peke yake, na nimeanika paa lote. Ndama anakua. Imamu amemwoza bintiye wa mwisho. Pilau ilikuwa nzuri ila nyama waliificha chini ya wali, mpaka ufike tumbo limeshajaa.

Kwanza meno. Chukua ukoko wa mkate wa tanuri uliokaa siku mbili, mgumu kabisa, umsugulie ufizi. Ushike mwenyewe mkononi, usimwachie. Wewe ulikuwa ukiuma mpaka kidole changu, na mama alikuwa kitandani hawezi kukupokea, basi nilizunguka uani na wewe begani mpaka jua linazama. Nilikuwa na miaka kumi na minane. Mwambie huyo mwenzako akizunguka naye atanyamaza, hata kama haponi.

Sasa ukuta. Umenielekeza nisimame langoni, nimesimama. Najua mkono wangu wa kulia ulipo, Nusrat. Lakini ukuta unafuata lango uliozaliwa nalo. Baba aliujenga ule ukuta mwaka 1961, lango likiwa juu, akaukanyaga yeye, nami nilimletea maji ya kunywa. Lango likihama, ukuta haugeuki ukawa mtoto wa mtu mwingine. Nimelipeleka jambo hili kwa wazee wa mtaa. Ijumaa walisimama nje ya msikiti wakalijadili, na ungewaona ungecheka, watu wazima wamenyoosha mikono, huyu anageukia mferejini, huyu anageukia barabarani, mzee Saidmurod mwisho akawa ameuelekea ukuta wa msikiti na hajui kulia kwake ni wapi. Hawakuamua.

Kurbonali ana kichwa kigumu sana juu ya ukuta huu na hanisikilizi. Juma lililopita palitokea tatizo la maji ya mfereji kati yetu, lakini limekwisha.

Kwa sasa pengo liko wazi. Mbuzi wao anakuja kula majani ya maharage yangu. Wajukuu wao wanapita kama kwao, wanakaa mezani, wanauliza kwa nini chai yangu haina sukari. Jana walikuwa watano. Sasa nachoma mikate tisa badala ya minne. Bi Mohbegim naye analeta ufumaji wake, anakaa upande huu, anasema upande huu kuna kivuli. Ni usumbufu mtupu.

Ukianza safari mwisho wa Julai bado jua litatosha.

Dada yako,
Zulaikho


Samara, 20 Agosti 2002

Dada,

Salamu. Mimi ni mzima. Ule ukoko umefanya kazi, mwenzangu anashukuru sana.

Barua yako imenikera, si wewe, yeye. Mwanamke yuko peke yake nyumbani, mjane, hana mwana wala binti, na jirani anamwachia ua wazi miezi minne, mbuzi wake wanakula maharage ya watu na wajukuu wake wanamaliza mkate, halafu yeye ana kichwa kigumu? Na hilo tatizo la maji ni lipi? Amekuzibia mfereji? Hukusema, lakini nimeelewa. Nakujua, wewe hata ukikanyagwa mguu utasema ulikuwa umeuweka vibaya.

Sitaki upigane naye. Nimemwandikia barua mwenyewe na nimempa Hamrokul, ambaye anarudi juma hili. Nimemwandikia hivi: "Kurbonali, baba yangu alikuwa akikuita ndugu. Kama angejua kwamba ungemwachia binti yake ua usio na ukuta kwa sababu ya uvivu wa kukanyaga udongo, lango angelihamishia mbali nawe zaidi. Ukuta ni wa mkono wako wa kulia. Ukanyage, au tuulize wazee kama mkono huo bado unao."

Najua ni maneno makali. Lakini niko mbali, na mtu aliye mbali ana maneno tu.

Mimi kuja mwaka huu haitawezekana. Nitakueleza siku nyingine.

Nusrat


Chorbogh, 1 Oktoba 2002

Nusrat,

Salamu zako nimezipata. Mimi ni mzima. Ndama ni mzima.

Hamrokul hakumpa Kurbonali barua yako mkononi. Kurbonali hana miwani, basi akamwambia, "Nisomee." Hamrokul akamsomea hapo hapo, baada ya swala ya Ijumaa, watu wote wamesimama wakivaa viatu. Alisoma mpaka mwisho. Unajua Hamrokul alivyo, akishapewa nafasi ya kusoma mbele za watu haoni tena anachokisoma.

Bi Mohbegim anasema mzee alirudi nyumbani akakaa kwenye benchi lake la useremala bila kushika randa. Saa ya alasiri akatoka na mundu, akakata miiba kule korongoni, akaiburura na punda mara sita, akaziba pengo lote mpaka juu ya kichwa cha mtu. Hakuniangalia. Nilisimama karibu na tanuri nikasema, "Ami Kurbonali, kunywa maji." Akasema, "Maji ya kwako mimi nimeshayaona."

Tangu hapo hapiti mtu. Watoto wamekatazwa. Siku tatu za kwanza nilichoma mikate tisa kwa mazoea, na iliyobaki nikampa ng'ombe. Sasa nimerudi kwenye minne, na miwili inatosha. Nawasikia upande ule wakila, vijiko vinagonga bakuli, halafu nanyamaza ili wasinisikie nikiwasikiliza. Ukuta mzima ungenipunguzia sauti zao, lakini miiba inapitisha kila neno.

Sikulaumu. Nasema tu ilivyo.

Wazee wameweka siku. Baada ya Nairuzi, ardhi ikishayeyuka, jambo litaamuliwa. Kama ukuta ni wa nyumba yetu, wewe uje ukanyage tabaka la kwanza. Usipokuja, nyumba yetu itahesabiwa kuwa haina mwanamume, na mtaa mzima utakusanyika kuujenga kama wanavyowajengea wajane wasio na mtu, na tangu siku hiyo nitawekwa chini ya uangalizi wa jirani. Nimewaambia nyumba yetu ina mwanamume. Imamu akaniuliza kwa upole, "Anakuja, mama?" Nikamwambia nitakuuliza.

Basi nakuuliza. Unakuja?

Zulaikho


Samara, 12 Desemba 2002

Dada yangu,

Nakuombea afya na joto. Hapa theluji imefika magotini na kazi ya nje imesimama.

Hamrokul amerudi. Alikuja kwangu, akala, akanywa, halafu akasema, "Nusrat, wewe barua ile uliiandika kwa kujua au kwa kutojua?" Nikamwuliza kujua nini. Ndipo akanieleza.

Kumbe siku ya tatu tu baada ya ukuta kuanguka Kurbonali alikuja kwako na kofia mkononi, akasema ukuta ni wake, lango limehama, ataujenga yeye na hataki msaada. Nawe ukamkatalia. Akarudi mara ya pili na Imamu, ukamkatalia. Mwisho wa mwezi wa sita akaona asiulize tena, akachimba udongo, akachanganya mabua, akakanyaga siku mbili akiwa na miaka sabini na moja, akaufunika kwa magunia ulale uive. Asubuhi yake ukafungua mfereji ukauelekeza kwake, udongo wote ukasombwa mpaka barabarani. Hamrokul anasema mtaa mzima ulitembea kwenye matope ya Kurbonali juma zima, na hakuna aliyekuuliza kwa sababu ulisimama pale na koleo mkononi.

Nami nimemtukana mzee yule mbele ya msikiti. Dada, kwa nini hukuniambia? Nimejiuliza kwa siku nyingi, halafu nimeacha, kwa sababu jibu ninalo. Ukuta ukiwa wa Kurbonali, sina cha kunirudisha. Umefanya yote hayo ili niwe na kazi nyumbani.

Sasa na mimi niseme, maana ni aibu wewe kumwaga udongo wa watu na mimi nimekaa kimya. Yule mwenzangu kazini mwenye mtoto ni mimi. Nina mke hapa, anaitwa Alsu, ni Mtatari, anafanya kazi ya kushona. Tuna binti wa miezi kumi na minne, Ilmira. Ameanza kutembea, anashika ukuta. Nilitaka kukuambia tangu mwanzo, lakini kila nilipoanza kuandika niliona kama nakuambia kwamba nimeshahama, na wewe bado unaniwekea kikombe changu rafuni. Hamrokul aliniambia na hilo.

Karatasi zangu zimekwisha muda, dada. Nikivuka mpaka kutoka, kurudi sitaruhusiwa kwa miaka mitano, wamewarudisha wengi hivyo. Nikija kukanyaga udongo wa ukuta, Ilmira atanijua akiwa na miaka sita na nusu.

Waambie wazee ukuta ni wa Kurbonali. Ni wa kulia kwake, ndiyo kweli, na hutakuwa umesema uongo, na hakuna atakayesema nyumba yetu haina mtu. Mwombe Kurbonali anisamehe. Nitamwandikia mwenyewe nikipata maneno.

Usikae kimya.

Nusrat


Samara, 23 Februari 2003

Dada,

Imepita miezi miwili na zaidi. Hamrokul anasema barua alikupa mkononi, na kwamba uliiweka ndani ya Kurani bila kuifungua mbele yake. Sijui kama umeisoma. Kama umekasirika niandikie umekasirika. Alsu amekufumia soksi, nazituma na abiria mmoja anayeshuka Panjakent, karibu nawe, sijui kama zitakutosha. Ilmira ana meno manane.

Nusrat


Chorbogh, 12 Aprili 2003

Mdogo wangu Nusrat,

Nakusalimu wewe, na Alsu, na Ilmira. Jina hilo kwetu hatuna, ila nimejizoeza kulisema nikiwa nakamua, na ng'ombe hakupinga. Soksi zimenitosha. Mwambie Alsu kisigino amekifuma vizuri kuliko Bi Mohbegim, lakini lisije likamfikia Bi Mohbegim.

Sikukasirika. Habari ya mtoto nilijua tangu yale meno. Hakuna mwanamume anayeandika kutoka Samara kuuliza habari za ufizi wa mtoto wa mtu mwingine. Nilinyamaza nikingoja useme. Uliposema, nikaona sasa zamu ya kusema ni yangu, na hapo mdomo ukawa mzito. Ndiyo maana nimechelewa. Kila nilipokaa kuandika nilimaliza habari za ng'ombe, nikafika kwenye ukuta, nikakunja karatasi.

Siku ya pili ya Nairuzi nilivaa nguo ya sikukuu, nikachukua mikate mitatu, nikatoka langoni na kuzunguka mpaka langoni kwa Kurbonali, kwa kuwa kupita kwenye miiba singeweza. Alikuwa anachonga mguu wa kitanda cha mtoto. Nikamwambia, "Ami, mfereji niliufungua mimi."

Akasema, "Najua. Nilikuwa hapo."

"Nusrat hakujua."

"Hilo sikulijua," akasema. Akaweka randa chini. "Kwa nini, binti Sharif? Mimi nilikuwa natafuta kukusaidia."

Nikamwambia, "Ukinisaidia, yeye haji."

Halafu akamwita mkewe alete chai, na Bi Mohbegim akaja na birika akilia waziwazi, akisema miezi sita hana mtu wa kumsimulia ubaya wa mkwewe. Nilikaa mpaka adhuhuri. Kurbonali anasema usimwandikie kuomba radhi. Anasema maneno yako ya kwanza yalitosha kwa miaka kadhaa.

Ijumaa wazee wakakaa kwenye ua wa msikiti. Nilikwenda mwenyewe, pamoja na Bi Mohbegim, tukasimama karibu na mlango. Imamu akauliza ukuta ni wa nani. Kurbonali akainuka, akasema ni wake, wa mkono wa kulia, hakuna la kubishana. Ingekuwa rahisi, Nusrat. Ulinipa njia, naye akanipa njia. Ningeinamisha kichwa tu, na jioni ile ile watu wangekuwa wanasema Nusrat bado ni mwenye nyumba, yuko safarini.

Lakini nilichoka. Mwaka mzima nimewaambia watu unakuja. Nimemwambia muuza unga, nimemwambia daktari wa ng'ombe, nimeliambia na goti langu. Nikasema, "Ukuta ni wetu. Baba aliukanyaga, nilikuwepo. Na nyumba yetu ina mwanamume, yuko Samara, ana mke na mtoto, na haji." Nilisema hivyo, kwa sauti ya kawaida. Nilidhani ningeanguka. Sikuanguka. Mzee Saidmurod akasema, "Mungu amkuze huyo mtoto," na wengine wakaitikia, na hiyo ndiyo pongezi uliyopata kwa mwanao, kwa hiyo ipokee.

Jumatatu mtaa ukaja na makoleo. Wanaume ishirini na wanne, nimewahesabu kwa ajili ya pilau. Waliiondoa miiba, wakachimba, wakachanganya mabua. Desturi inasema nyumba isiyo na mwanamume, jirani ndiye hukanyaga kwa niaba yake, na kabla hajaingia kwenye udongo hutaja jina la mtu anayemkanyagia. Kurbonali akavua viatu, akakunja suruali, akasimama ukingoni. Akaniangalia. "Kwa jina la nani?"

Watu wote wakashusha makoleo. Walikuwa wanangoja niseme Sharif, au niseme Nusrat, na mimi mwenyewe nilikuwa nimekuja na jina lako mdomoni.

Nikasema, "La kwangu."

Akaitikia kwa kichwa kana kwamba nimemtajia bei ya haki, akasema, "Kwa jina la Zulaikho binti Sharif," akaingia.

Tabaka la kwanza limekauka. Linanifika kiunoni. Bi Mohbegim anakuja anaegemeza viwiko juu yake, tunaongea, na watoto wanaruka mpaka wakemewe. Yamebaki matabaka matatu. Kufika mwisho wa Mei sitawaona tena, na mimi ndiye niliyeutaka ukuta, basi sina wa kumlalamikia. Lango lao liko wazi, ni kweli. Lakini langoni unakwenda ukiwa na sababu. Pale kwenye pengo nilikuwa naishi na watu bila kutafuta sababu.

Kikombe chako nimekitoa rafuni. Nanywea mimi sasa, changu kilikuwa na ufa.

Nimekuandikia ukuta, ukuta, mwaka mzima, kwa kuwa niliamini mtu hawezi kumwita nduguye hivi hivi, lazima pawe na kazi ya kumwitia. Sasa kazi hakuna, imefanywa na imepewa jina langu, na hakuna Imamu wala jirani anayekungoja. Wewe kaa na mwanao, mlee. Ukija leo ukafungiwa mpaka, mimi ndiye nitakayekuwa wa kwanza kukufukuza.

Lakini kuna jambo sijawahi kukuandikia, hata mara moja, na nimelitafuta katika barua zangu zote ninazozikumbuka sikulikuta. Nyumba ni kubwa, Nusrat, na niko peke yangu ndani yake, na ninatamani kukuona. Njoo. Najua huwezi. Nimetaka tu uwe umeombwa.

Dada yako,
Zulaikho